Elimu Iliyowekewa Wakfu: Tunda Lake ni la Nani?

Limeletwa kwetu swali katika baraza ya masomo, nalo ni hili. Imesikiwa kwamba huko Marekani imepatikana tiba ya selimundu, yale maradhi ya damu ambayo mahospitalini huitwa sikoseli, na kwamba elimu ya tiba hiyo ilitafutwa na mwalimu aliyekalia kiti kilichowekewa mali maalumu, mfano wa wakfu wetu. Lakini bei ya tiba yenyewe ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Basi muulizaji ataka kujua: ikiwa mti umepandwa kwa mali ya kheri, yafaa tunda lake liuzwe kwa bei asiyoweza kuifikia mwenye njaa? Kisha akaongeza swali la pili, kwa sauti ya chini kidogo: kuigeuza damu ya mtoto, si kuingilia kazi ya Muumba?

Muulizaji huyu si mtu wa kupenda mijadala. Ana mtoto mwenye maradhi hayo. Kwa hivyo haifai kumjibu kwa maneno ya kumnyamazisha tu. Yatupasa kwanza tuijue kadhia yenyewe ilivyo, kisha ndipo tuseme.

Ama hicho kiti, desturi ya vyuo vikuu vya Marekani ni kwamba mtu au jamaa hutoa mali, na mali hiyo hailiwi. Hutiwa katika biashara na milki, na faida yake ndiyo imlipayo mwalimu na kugharimia uchunguzi wake. Akiondoka huyu huja mwingine, na kiti kikabaki. Chuo cha Harvard kilipata kiti chake cha kwanza cha namna hii mwaka 1721 kwa mali ya Thomas Hollis, mfanyabiashara wa London, nacho kilikuwa cha elimu ya dini ya Kikristo. Mwenye kusoma fikihi hatahitaji kufafanuliwa zaidi. Kuzuia asili na kuachilia manfaa, hayo ndiyo maana ya wakfu aliyoyajua tangu akiwa mwanafunzi mdogo.

Wala katika utabibu jambo hili si geni kwetu. Nuruddin Zangi alijenga hospitali mjini Damascus mwaka 1154 na akaiwekea wakfu, na ndani yake yakasomeshwa matibabu. Sultani Qalawun akajenga yake Kairo mwaka 1284. Lakini mfano ulio karibu zaidi na hicho kiti cha Harvard ni wa tabibu mmoja wa Damascus, Muhadhabuddin ad-Dakhwar, aliyefariki mwaka 1230. Huyu aliitoa nyumba yake iwe madrasa ya utabibu peke yake, akaiwekea milki za kuwalipa mwalimu na wanafunzi, na akausia hata ni nani atakayesomesha baada yake. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Ibn an-Nafis, aliyeeleza jinsi damu inavyopita mapafuni karne tatu kabla ya matabibu wa Ulaya. Na Ibn an-Nafis naye alipokufa mwaka 1288 aliiachia nyumba yake na vitabu vyake hospitali ya Qalawun. Twayataja haya si kwa kujifaharisha, kwani mwenye kujifaharisha kwa babu zake hali nyumba yake imebomoka hucheka peke yake. Twayataja ili ijulikane kuwa swali la muulizaji laweza kupimwa kwa mizani yetu wenyewe, wala hatuhitaji kuazima ya mtu.

Kiti chenyewe kinachosemwa ni cha maradhi ya watoto katika skuli ya utabibu ya Harvard, mjini Boston, nacho kimepewa jina la David G. Nathan, tabibu wa watoto aliyeshughulika umri wake wote na maradhi ya damu. Aliyekikalia ni Stuart Orkin, aliyezaliwa mwaka 1946, ambaye mafunzo yake ya maradhi hayo aliyapata chini ya Nathan huyo huyo. Yaani mwanafunzi amekaa katika kiti chenye jina la mwalimu wake. Jambo hili limetupendeza, na wenye kujua adabu ya kusoma wataelewa kwa nini.

Na Orkin alichunguza nini? Hapa twamwomba msomaji asituharakishe, kwa sababu jawabu la maswali yote mawili limo humu.

Wekundu wa damu yetu watokana na kitu kiitwacho himoglobini, nacho ndicho kichukuacho hewa kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Mtoto mwenye selimundu amerithi himoglobini yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, kwa wote wawili. Ikikosa hewa hushikamana, na chembe ya damu iliyokuwa mviringo na laini hupinda mfano wa mundu, ikaziba mishipa midogo. Hapo ndipo yatokapo yale maumivu ya mifupa ambayo aliyeyaona hayasahau, na kuvimba vidole vya mtoto mchanga, na upungufu wa damu, na kuharibika kwa wengu hata mwili ukakosa nguvu ya kupigana na maradhi mengine.

Lakini mtoto akiwa tumboni mwa mama yake hatumii himoglobini hiyo. Ana nyingine, ya mimba, ambayo haina kasoro. Akishazaliwa, katika miezi michache mwili huifunga ile ya mimba na kuifungua ya utu uzima, na hapo ndipo maradhi huanza. Mwaka 1948 tabibu wa watoto wa Brooklyn, Janet Watson, aliona kwamba watoto wachanga wenye urithi wa maradhi haya damu yao haipindi kama ya wakubwa, akadhani kuwa ile himoglobini ya mimba ndiyo iwakingayo. Alidhani sawa. Baadaye ikajulikana kwamba katika mashamba ya mitende ya Qatif na al-Hasa, mashariki ya Saudia, wako watu wenye selimundu ambao maradhi yao ni mepesi, kwa kuwa himoglobini yao ya mimba haikwisha yote. Basi ikawa siri ni moja: ni nani aufungaye ule mlango baada ya kuzaliwa, na je, aweza kuzuiwa asiufunge?

Orkin alikaa na suala la jeni za damu kwa muda wa miaka 30 kabla ya kumpata bawabu huyo. Mwaka 2007 na 2008 wataalamu wa urithi, miongoni mwao Swee Lay Thein, walilinganisha damu za watu wengi, na alama zikaelekea kwenye jeni iitwayo BCL11A. Mwaka 2008 Orkin na mwanafunzi wake Vijay Sankaran walionyesha kwamba jeni hiyo ndiyo ifungayo. Mwaka 2011 waliiondoa katika damu ya panya wenye selimundu, na panya wakapona. Lakini jeni hiyo yafanya kazi nyingine mwilini, hata katika ubongo, na huwezi kumuua bawabu wa mji mzima kwa sababu ya mlango mmoja. Mwaka 2013 wao na Daniel Bauer walipata kipande kidogo, mfano wa swichi ya taa, ambacho huiwasha BCL11A katika chembe nyekundu. Ukikiharibu hicho, kwingine kote jeni yaendelea na kazi yake. Mwaka 2024 Orkin na Thein walitunukiwa Tuzo ya Shaw kwa kazi hii.

Tazama, ewe msomaji, miaka hiyo. Hakuna mfanyabiashara atakayemlipa mtu miaka 30 atafute bawabu wa mlango asioujua ulipo. Mfanyabiashara ataka hesabu mwisho wa mwaka, wala hatumlaumu, hiyo ndiyo kazi yake. Mali iliyozuiwa asili yake ndiyo iwezayo kumwambia mwalimu akae na atafute.

Katika swichi hiyo ndipo tiba ilipojengwa. Kampuni mbili, Vertex na CRISPR Therapeutics, zilitengeneza tiba iitwayo Casgevy. Hutolewa kwa mgonjwa zile chembe za asili zinazozaa damu, zikapelekwa kiwandani zikakatwa hapo penye swichi. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuumaliza uboho wa zamani, na chembe zake mwenyewe zikarudishwa. Ni kazi ya miezi, na dawa hiyo kali yaweza kumharibia mtu uzazi. Uingereza iliiruhusu Novemba 2023, Marekani Desemba 2023, na Bahrain na Saudia zikafuata papo hapo, kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Katika wagonjwa 31 wa selimundu waliotazamwa muda wa kutosha, 29 walipitisha mwaka mzima bila ya shambulio kubwa la maumivu.

Sasa lile swali la sauti ya chini. Aliye na shaka azingatie mambo mawili. Kwanza, tiba hii haikumtia mtoto kitu kigeni. Himoglobini ya mimba ni maumbile yake mwenyewe, aliitumia tumboni kabla hajaiona dunia. Tiba yamfungulia tu mlango wa chumba kilichomo nyumbani mwake. Pili, kinachogeuzwa ni chembe za damu ya mgonjwa huyo, na akifa hufa nazo. Hazipiti kwa mtoto wake. Si kama aliyoyafanya He Jiankui wa Uchina, aliyetangaza mwaka 2018 kuwa amegeuza jeni za mimba changa kabla hazijatiwa tumboni, mageuzi ambayo yaweza kurithiwa na wajukuu wasioulizwa. Wataalamu wenzake walimlaani na mahakama ya nchi yake ikamfunga miaka mitatu. Mwenye kuyatia mambo haya mawili katika hukumu moja hajayatazama. Kumtibu mgonjwa ni kumtibu mgonjwa, iwe kwa mwarobaini au kwa mkasi mdogo kuliko chembe ya damu, na sisi hatuoni kizuizi.

Turudi kwenye bei, na hapa ndipo penye uzito.

Wako wanaosema: kampuni zimetumia mali nyingi, zimejihatarisha, basi wauze watakavyo. Na wako vijana wetu wanaosema kinyume chake: elimu hii imechumwa katika damu yetu, kwa hivyo ni mali yetu iliyoibwa. Kila upande una sehemu ya haki, na hebu tuanze na hao vijana, kwa sababu wao hupuuzwa upesi.

Ni kweli kwamba somo la selimundu limesomwa katika damu ya watu weusi na watu wa pwani. Maandishi ya kwanza ya tabibu wa Marekani juu ya chembe hizo, ya James Herrick wa Chicago mwaka 1910, yalitoka katika damu ya mwanafunzi mmoja wa kisiwa cha Grenada. Na Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii mwaka 1949, akaona kwamba pwani na kandokando ya ziwa Viktoria wenye kuchukua urithi huu wazidi 20 katika kila watu 100, na nyandani juu kwenye baridi hawaonekani ila kwa nadra. Mwaka 1954 akatangaza sababu: mtu aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja tu hukingika na malaria kali. Yaani mbu ndiye aliyeyaweka maradhi haya kwetu. Kinga ya wengi yalipiwa na mtoto mmoja aliyerithi kwa wazazi wote wawili. Ukweli huu mkubwa wa elimu ya urithi, ambao husomeshwa vyuo vyote vya dunia, ulisomwa katika mikono ya watu wa pwani hii walionyosha vidole vyao vichomwe sindano.

Lakini kusema "imeibwa" si sawa. Orkin na wenziwe waliyatangaza waliyoyaona, na mwenye kujua kusoma aweza kuyasoma Mombasa kama yasomwavyo Boston. Kisima hakikufungwa. Kilichouzwa kwa bei kubwa ni maji yaliyobebwa hadi mlangoni, pamoja na kiwanda, na hospitali, na vitanda vya miezi. Mafakihi hawakumkataza mtu kuchukua ujira wa kubeba maji ya kisima cha wakfu. Walichokikataza ni kumzuia mwenye kiu asifike kisimani. Basi twasema: ujira ni halali, lakini ujira wenye kuwaacha nje wale wale ambao kisima kilichimbwa kwa ajili ya maradhi yao, huo si ujira wa kubeba tu. Kila mwaka huzaliwa duniani watoto zaidi ya 300,000 wenye selimundu, na katika kila wanne wao, watatu na zaidi ni wa Afrika. Tiba ambayo haiwezi kumfikia hata mmoja wao kwa mali ya baba yake ina deni lisilolipika kwa kusema "soko ndilo liamualo". Wenye viti vya wakfu, na vyuo vyao, wanapowapa wafanyabiashara ruhusa ya kuitumia elimu yao, wana nafasi ya kuweka sharti kwa ajili ya maskini, na sharti la mwenye wakfu huheshimiwa. Wasipoliweka, waulizwe kwa nini.

Hata hivyo, hukumu ikiishia hapo tutakuwa tumempa muulizaji hasira tu, naye arudi nayo nyumbani kwa mtoto wake. Lipo jambo ambalo halitajwi sana barazani. Mti ule ulizaa matunda mawili.

Mwaka 1984, huko huko Boston, Orah Platt pamoja na wenziwe, na miongoni mwao walikuwa Orkin na Nathan wenyewe, walieleza kwamba dawa iitwayo haidroksiurea, iliyokuwa ikitumiwa kwa maradhi mengine, huamsha tena himoglobini ya mimba kwa mgonjwa wa selimundu. Ni kapsuli ya kumezwa. Haiponyi kabisa kama inavyotarajiwa kwa ile tiba ya mamilioni, lakini haihitaji kiwanda wala kitanda, na ni dawa ya zamani isiyo na mwenyewe. Wengi waliogopa kuwa kwa watoto wa Afrika, penye malaria, ingeleta madhara. Basi ikajaribiwa kwa watoto 606 katika miji minne: Luanda, Kinshasa, Mbale, na Kilifi yetu hapa. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018. Maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, malaria yenyewe ilipungua, na vifo vilipungua.

Uchunguzi wa Kilifi nao una wakfu nyuma yake. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1989 kwa ushirika wa taasisi ya serikali ya utafiti wa matibabu na mfuko wa Wellcome. Mfuko huo ni mali ya Henry Wellcome, muuza madawa aliyefariki London mwaka 1936, akausia faida ya kampuni yake itumike katika uchunguzi wa maradhi. Hakuwa Mwislamu, wala hatudhani aliwahi kulisikia neno wakfu. Lakini mtoto wa Kilifi alimeza kapsuli, na sehemu ya njia iliyomfikishia ililipwa na mtu huyo aliyekufa zamani.

Na sisi? Pwani hii si maskini wa wakfu. Minazi iliwekwa wakfu, na maduka, na nyumba za mawe, na viwanja ambavyo leo thamani yake ni kubwa. Ukizisoma hati zake utaona mafuta ya taa za msikiti, mikeka, visima, hitima ya kila mwaka na pilau yake. Wala hatuyatusi mambo haya. Msikiti hauna budi na mkeka. Lakini taa za mafuta zimekwisha, pilau ya hitima yaliwa na walioshiba, na hatujui hati moja iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto apimwe tone la damu kisiginoni siku aliyozaliwa. Ilhali kipimo hicho, na penisilini ya utotoni, na kinga ya malaria, na hiyo kapsuli, hayo manne ndiyo yamtenganishao mtoto wa selimundu wa Boston, ambaye leo hukua akaoa, na yule wa kijijini kwetu ambaye mara nyingi hufa hajatimiza miaka mitano, na jirani wakasema amechukuliwa na shetani.

Na kuna la aibu zaidi ya umaskini. Mtoto akionekana na maradhi haya, husemwa mama ana damu mbaya, akapewa talaka. Tumekwisha eleza kuwa kasoro hutoka kwa wote wawili, sawasawa, na wazazi wote wawili wakiwa wachukuzi basi kila mimba ina fungu moja katika manne la kuwa na maradhi. Mume mwenye kumtaliki mkewe kwa hili amemtaliki kwa jambo lililo ndani ya mishipa yake mwenyewe. Saudia tangu mwaka 2004 huwapima bwana na bibi harusi kabla ya nikahi, kisha huwaachia wachague wenyewe. Wala hapana mwanachuoni aliyejitia kusema kuwa nikahi imeharibika kwa sababu damu imepimwa.

Basi jawabu letu kwa muulizaji ni kwamba ana haki ya kudai, na kwamba dai lake ni kwa watu wa pande mbili. Kwa wa Boston, ni sharti la maskini katika kila ruhusa wanayoiuza. Kwa sisi ni hati. Haihitaji kuanza na kiti cha profesa. Ad-Dakhwar alianza na nyumba yake. Ghorofa moja ya mjini, kodi yake ikalipa mshahara wa muuguzi mmoja ajuaye kupima watoto wachanga, na kapsuli za wale watakaoonekana nayo, na ikibaki akiba, masomo ya daktari mmoja wa watoto kwa sharti arudi. Aandike kwamba wanufaikao ni watoto wenye maradhi ya damu katika wilaya fulani, wa dini yoyote, na kwamba msimamizi atatoa hesabu kila mwaka mbele ya watu. Kadhi yupo na mashahidi hawakosekani, na mwenye nyumba anayetaka kusaidiwa kuitengeneza hati hiyo atatukuta barazani baada ya sala ya isha, kila Alhamisi.